Spana Namba Kumi

Mume wangu, mzee Nashon Were, alikuwa injinia wa ndege miaka thelathini na minne. Hapa nyumbani Uthiru hata bawaba ya mlango ilimshinda, lakini ndege aliijua kama mimi ninavyozijua sufuria zangu.

Siku yake ya mwisho kazini, mwaka wa 2006, niliitwa karakana kwa sherehe ya kumuaga. Asubuhi mwenzake, Bhavesh, alinipigia simu: "Mama, ukija pitia Biashara Street, duka la kuchonga majina. Zawadi ya mzee iko tayari." Nikaichukua ikiwa imefungwa kwa karatasi, nikaitia mkobani bila kuuliza.

Nilipofika, keki ilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa akila. Mzee alisimama mbele ya ubao wao wa vifaa, ambapo kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu. Umbo moja lilikuwa tupu.

"Spana namba kumi haiko," akasema. "Hii ndege sisaini iruke."

"Injinia, abiria wanangoja!" meneja akalia. "Spana moja tu?"

"Moja ikibaki ndani ya injini, inatosha. Fungueni tutafute."

"Utachelewesha keki yako mwenyewe, bwana."

"Keki hairuki. Fungueni!"

Wakaanza kufungua. Bhavesh jasho lilimtoka, macho yake mara kwangu, mara kwenye mkoba. Hapo nikaelewa. Nikaichana ile karatasi mbele ya watu wote: spana, imechongwa *Nashon Were, 1972–2006*.

Mzee akamgeukia mwenzake.

"Bhavesh, ulitoa kifaa ubaoni na hukuandika?"

"Nisamehe, mzee. Nilidhani leo utakula keki tu, hutashika kazi."

"Na mshahara wa leo nimelipwa wa nini?"

Aliisoma ile spana, akaipangusa kwa shati, akaitundika mahali pake. Akahesabu vifaa vyote upya, kimoja kimoja, meneja akipumua kama ng'ombe. Ndipo akasaini.

Ndege ilipoondoka tukamwambia aichukue zawadi yake. Akakataa. "Nikienda nayo, kesho mtaanza kazi na pengo?"

Siku hizi yuko nyumbani. Ukutani jikoni kwangu amechora mwiko, kisu na chujio, kwa rangi nyekundu. Jana Nzembi wa jirani aliazima chujio. Mzee aliiacha chai ikapoa, akavaa viatu, akaenda kulichukua.