Watoto Mdomoni mwa Fulu

Dume ndiye aliyetangulia kupanda juu. Sylvia alimwona akiweka mdomo kwenye uso wa maji, akiufungua na kuufunga kama mtu anayetaka kusema jambo na pumzi ikamkatalia. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kubadilisha maji ya tangi la kioo sebuleni mwao, Otonglo. Akainama kutazama kwenye mawe, alikojificha jike. Jike naye alipumua kwa haraka, matamvua yakiwa mekundu kupita kiasi, lakini mdomo aliufumba kabisa. Mdomoni humo alibeba watoto.

Hao walikuwa fulu, samaki wadogo wa ziwani. Mumewe, Oluoch, aliwachota katika kidimbwi nyuma ya mafunjo, upande wa Kisian, kabla kidimbwi hicho hakijajazwa kifusi. Tangu hapo aliwatafuta wengine wa rangi yao ufuoni kote asiwapate. Jirani yao Wabwire alimtania kila walipokutana, akiuliza kama mboga ile ya kwenye kioo haijaiva bado. Oluoch alicheka tu. Sasa alikuwa amelazwa hospitalini mjini kwa ajili ya figo, na neno la mwisho alilomwachia mkewe kabla ya kuingia garini lilihusu samaki hao: jike hali chakula kwa ajili ya watoto, asishtuliwe wala asitiwe wavuni, maana akiogopa atawatema kabla hawajakomaa.

Sylvia alikuwa amefuata yote aliyofundishwa. Maji ya bomba aliyakinga katika beseni pana, akayaacha wazi uani tangu jana ili dawa ya kampuni ya maji ipae, akayakoroga kila alipopita. Aliyapima joto kwa kiwiko, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Tena hakubadilisha yote, bali theluthi tu. Akili yake ilirudia kila hatua ikitafuta kosa, isilione. Ndipo alipoinamia maji yaliyobaki katika beseni na kuyanusa. Tangu kipindupindu kiingie mjini mabomba yote yalinuka dawa, na pua yake ilikuwa imeshazoea; lakini harufu hii ilimchoma mpaka machoni.

Alimwita mkaza mwanawe, Nabututu, aliyekuwa akifua uani. Nabututu alijibu bila wasiwasi kwamba ndiyo, beseni lile alilitia dawa ya maji asubuhi, pamoja na mitungi na ndoo zote, kama mhudumu wa afya alivyowaelekeza. Alidhani Mama amesahau. Tangu binti yake, Awiti, aruhusiwe kutoka wodi ya kipindupindu akiwa mifupa mitupu, hapakuwa na maji yaliyobaki katika boma lile bila Nabututu kuyatia dawa.

Sylvia hakuweza kumkaripia. Alichukua ndoo, akaenda kisimani kwa Wabwire kuchota maji yasiyo na dawa, akarudi mbio maji yakimwagikia miguuni. Alimkuta Nabututu amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mama, maji hayo hayapiti hapa."

"Ni ya samaki, nyar Webuye," alisema Sylvia, akimwita binti wa kwao alikozaliwa.

"Awiti hajui ya samaki ni yapi. Jana alichovya mkono kwenye hicho kioo, akaulamba wote."

"Watakufa hawa."

"Najua, na aliyewaua ni mimi. Lakini kisima hicho ndicho tulichokunywa maji yake akaugua, Mama. Wewe hukumwona macho yakizama. Mimi nilimwona."

Sylvia aliitua ndoo. Kama Nabututu angekuwa amekosea, angempita kwa nguvu, lakini hakukosea. Alisimama kati ya ndoo na mlango, akimsikia dume akipiga mkia juu ya maji ndani ya nyumba.

Akampigia simu Gurjit, mwenye duka la mjini aliyewauzia pampu ya hewa. Gurjit alianza kwa mzaha wake, kwamba samaki wa Bwana Oluoch wanamsumbua kuliko wateja wenye miguu. Aliposikia sauti ya Sylvia akaacha. Dawa ya kuua klorini alikuwa nayo, ila kuifikisha Otonglo kungechelewa mno.

"Tafuta vidonge vya vitamini C," alisema. "Navyo huiua klorini. Vyeupe, Mama, visivyo na rangi wala sukari. Tangi lenu ni dogo, kimoja kinatosha. Kisage, kiyeyushe kwenye kikombe, umimine polepole. Na uwapatie hewa."

Nabututu alikuwa amesikia. Alifungua leso, akamweka Awiti mikononi mwa Sylvia. Tangu watoke hospitalini hakuwahi kumwachia mtu yeyote mtoto huyo, hata akienda msalani.

"Asiguse maji," alisema, akakimbia.

Sylvia alimbeba mtoto kiunoni, na kwa mkono mwingine akawa anachota maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa zaidi ya ile ya pampu. Alichota, akamimina, akimwita Nyasaye, Mungu wake, kwa sauti ya chini. Dume alilala ubavu. Sylvia alimsogeza kwa ukingo wa kikombe, hakusogea tena. Kisha jike akafunua mdomo, na vitu vidogo kama punje za wimbi, vyenye macho, vikatawanyika juu ya mawe. Awiti alicheka akivionyesha kidole. Sylvia alishindwa hata kulia.

Nabututu alirudi akihema. Duka la kwanza lilikuwa na vidonge vya rangi ya chungwa tu. Alivipata vyeupe katika la pili. Alikisaga kimoja kwa kitako cha chupa, akakiyeyusha, akaimimina dawa mwenyewe pembeni mwa kioo, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa. Wakapiga magoti wote wawili.

Jike alikaa chini bila kusogea. Baadaye kupumua kwake kukapungua kasi. Aliwaendea wale watoto, akafungua mdomo, akamchukua mmoja, na mwingine.

"Anawala, Mama?"

"Sijui."

Mmoja alichomoka pembeni mwa mdomo, akaogelea kidogo, akarudi ndani mwenyewe. Nabututu alijifunika uso kwa leso.

Simu ikaita. Alikuwa Oluoch, kutoka wodini. Nabututu alinyoosha mkono kabla Sylvia hajapokea.

"Nipe mimi. Baba atayasikia haya kwangu."

Sylvia alimtazama dume aliyeelea, kisha akampa simu.

"Mwambie kwanza kwamba jike anapumua," alisema.