Wiki ya Tano ya Profesa

“Ondoa mikono kwenye kibodi,” nilimwambia.

Akaiinua taratibu, akaipakata mapajani. Kwenye kioo palikuwa na madirisha mawili meusi, yamefanana kama mapacha. Moja lilikuwa la majaribio, la pili la hospitali yenyewe. Profesa alikuwa amefuta miadi yote ya wagonjwa, akidhani yuko kwenye la majaribio.

Jina hilo alipewa na wenzake. Miaka mitatu hakushuka kutoka nafasi ya kwanza. Chuo kilimleta kwangu miezi miwili ajifunze kazi, na bila saini yangu kwenye fomu yake asingehitimu. Mimi cheti sina. Kompyuta nilijifunza kwa kufungua zilizokufa. Kila mwanafunzi nilimpa daftari, aandike kila siku jambo moja asilolijua. La Profesa, wiki ya tano, lilikuwa jeupe.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mama wa Masijala, karani mkuu.

“Wanangu, mashine yangu imelala? Haina hata mgonjwa mmoja, na mabenchi yamejaa.”

Profesa akaninong’oneza, “Fundi, tuseme umeme ulikatika. Nani atajua?”

Nilifungua nakala ya akiba. Miaka minne, kila jioni, mashine iliniandikia kwamba imehifadhi, nami nikasadiki. Sikuwahi hata mara moja kulifungua faili lenyewe.

Lilikuwa tupu.

Ningeweza kumtwika Profesa mzigo wote. Nadhani ndicho alichokuwa akisubiri.

“Mama,” nikasema, “miadi imefutika. Na nakala niliyopaswa kuwa nayo, sina.”

“Kafuta nani?”

Kiti kikakwaruza sakafu, Profesa akasimama.

“Ni mimi, mama. Nilidhani niko pengine.”

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

“Mdogo kachoma nyumba, mkubwa hakuteka maji,” akasema. “Na kadi zangu za karatasi, zenye kila miadi, mlizicheka. Haya, njooni mbebe masanduku yake.”

Yeye akasoma kadi, Profesa akaandika kwenye mashine, mimi nikahakiki jina kwa jina, huku wagonjwa wakiitwa kwa kadi. Kila baada ya majina ishirini Profesa alisimama, akatoa nakala, akaenda kuifungua kwenye mashine nyingine aone kama iko hai. Sikumwagiza.

Saa kumi na moja jioni Mama akachukua mkoba wake. Tulikuwa ndani ya herufi M, na M ina watu wengi.

“Kesho saa mbili,” alisema. “Atakayechelewa atasoma mwandiko wa daktari.”

Profesa akavuta daftari lake. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akalisukuma upande wangu pamoja na kalamu. Nikaandika chini ya maneno yake, mstari mmoja: sikujua kwamba faili ni tupu.

Halafu nikaitoa fomu yake kwenye droo, nikaitia saini, nikaiweka juu ya sanduku la M.