Gari Zima

Nilichoka na gari lile hata kabla watu hawajaanza kuliita la kizamani. Ni Lancia Fulvia, la Kitaliano, la milango miwili, na mafundi wa mtaani wakiliona huuliza nani alilitengeneza. Spea zake hazipatikani, kwa hiyo mume wangu, aliyekuwa mkereza vyuma kiwandani, alizichonga mwenyewe. Akimaliza hiki, kile kimeshaliwa na kutu. Hakuwahi kulifikisha hata barabara kuu. Majirani waliliita mke mwenzangu. Mwanzoni nilicheka.

Sasa tulikuwa tunahamia kwa binti yetu, ghorofa ya tatu, ambako hakuna ua. Magoti ya mume wangu yamekwisha, hata kuingia kwenye kiti kile cha chini hawezi tena. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishasema kesho anakuja na msumeno. Wa kuliokoa alibaki mmoja tu, daktari wa meno aliyependa magari kama hayo, naye alitaka kwanza alisikie likiwaka.

"Watu wanakimbilia yale mekundu ya mashindano," daktari alisema, kainama kwenye boneti. "Haya hakuna anayeyajua. Hebu ona, mzee, injini imelazwa upande, na silinda zote nne zimebanana chini ya kichwa kimoja! Halafu linavutwa na magurudumu ya mbele, enzi zile!"

"Enhe! Mwambie na huyu," mume wangu akasema, akininyooshea kidole. Mimi nilikuwa nawaza sahani zangu ambazo bado hazijafungashwa.

Nikakaa kwenye usukani. Ndiyo kazi yangu miaka yote: yeye kichwa ndani ya boneti, mimi kwenye ufunguo, simwoni, namsikia tu. Akisema washa, nawasha. Akisema zima, nazima papo hapo, maana siku moja nilichelewa akaumia kidole, na wiki nzima nikanuniwa.

"Washa!"

Likawaka. Daktari akapiga makofi. "Lo! Gari zima!"

Nikazima.

"Nani kakwambia uzime?" mume wangu akafoka.

"Si mmesema zima?"

"Kasema gari zima, mama! Zima, halina ubovu!"

Nikajaribu tena. Betri yetu kuukuu ikalia mara mbili, ikanyamaza. Daktari akatazama saa yake. Mume wangu akazikaza tena nyaya za betri kwa vidole, na mimi niliyeomba kila siku gari lile liondoke nikashikwa na hofu ya ule msumeno.

"Daktari, sukuma," nikasema. "Hapo langoni pana mteremko."

Akasukuma akiwa na shati lake jeupe. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, likashtuka, likanguruma. Safari hii sikuthubutu kulizima. Nikaendelea.

Nimeendesha gari la mikate hadi kustaafu, kwa hiyo gari nalijua. Lile halikuwa gari la kubembeleza. Ukiiwaza kona, limeshaingia. Usukani mwembamba ulinieleza kila kokoto. Nikapita shule, nikapita kituo cha mafuta, nikafika barabara kuu, nikakanyaga, nalo likaimba. Nikalia kwa hasira. Kumbe yule mzee hakuwa mwehu, alikuwa amenitengenezea kitu kizuri namna hii, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nanusa petroli tu na kununa.

Niliporudi daktari alikuwa katikati ya barabara, makwapa yamelowa. "Nalichukua," akasema, hata sijasimama sawasawa. "Msumeno hauligusi."

Mume wangu akaja polepole, akaegemea dirisha.

"Linakwendaje?" akauliza. Aliuliza kama mtoto.

Nilijua hatalipanda tena maisha yake yote.

"Linarusha mno," nikasema. "Mgongo umeniuma. Bora liende zake."

Akaniangalia machoni. Kisha akanifuta machozi kwa kiganja chake, akanipaka grisi shavu zima.

"Sawa, mama," akasema. "Bora liende."