Kioo cha Mlango wa Dereva

Mimi si mtu wa kunyamaza, na waliodhani msiba ungenifundisha kunyamaza walijidanganya.

Nianze na kioo. Kioo cha mlango wa dereva cha gari letu kilishuka hadi katikati siku tuliyomzika mume wangu Ernest, kikagoma kupanda. Mota iliyo ndani ya mlango, ile inayokivuta ukibonyeza swichi, ilikuwa imekufa. Pengine hilo ni jambo la kungoja, lakini Dodoma ukiacha kioo wazi wakati wa kiangazi, upepo unakujazia vumbi hadi chini ya mikeka. Na mimi naishi kwa kubeba chakula. Nyumbani kwangu Chang'ombe napika wali, maharage na mlenda, napakia mahotpoti kiti cha nyuma, napeleka Chimwaga kwa wanafunzi wa chuo. Mwanafunzi huvumilia mengi, ila hali mchanga. Nilipojaribu kurudi kazini baada ya mazishi, chakula kilifika na vumbi lake, nikarudi nacho nyumbani kikiwa hakijaguswa. Toka hapo gari likakaa uani.

Yotham alilitazama likikaa. Yotham ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa Ernest, mkulima wa Mlali mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, na anaitumia hiyo hiyo kwa watu. Kila alipokuja kutupa pole alilizunguka gari, akaingiza mkono kwenye ule uwazi wa kioo, akapapasa usukani. Sikupenda. Nilikuwa nikiona mkono ule nahisi kama umenigusa mimi.

Arobaini ilipoisha, ukoo ulikuja kugawa vitu vya marehemu. Mimi na Ernest hatukujaliwa mtoto, na ukoo usipoona mtoto hujiona wenyewe. Aidha mimi ni mtu wa Bukoba, mgeni niliyeolewa Ugogoni, na kwa baadhi yao ugeni wangu haukuisha hata baada ya kuupika mlenda wao vizuri kuliko wao. Najua mahakama ya mwanzo ipo. Lakini mahakama ni safari, nami nilitaka kupika Jumatatu.

Walikaa uani kwenye viti na mikeka. Aliyeongoza kikao alikuwa baba mdogo wa Ernest, mzee Bartolomayo, mtu mfupi, mkavu, mwenye haraka ya kula na kuwahi basi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinusa upande wa jikoni.

Koti likaenda kwa binamu. Redio ikaenda. Ikafika zamu ya mkokoteni wa ng'ombe ambao Ernest aliuacha Mlali, na watu wawili wakautaka. Hapo Yotham akasimama.

"Mkokoteni ule ulikuwa hauna gurudumu," alisema. "Nimelitengeneza mimi, kwa mikono yangu, kabla ya leo. Wote mnaijua desturi yetu. Kitu kibovu cha marehemu hakigawiwi, maana ukimpa mtu kibovu umempa na msiba. Na anayekitengeneza ndiye anayekichukua."

"Ndivyo," alisema mzee Bartolomayo. Mkokoteni ukawa wa Yotham.

Sijamaliza kuitafakari hiyo, akaendelea. "Na gari lile bovu pia. Kioo kimekufa. Haliwezi kugawiwa hivyo. Nitaondoka nalo leo, fundi wetu wa Kongwa alitengeneze."

Hapo nikaelewa kwa nini mkono ule ulikuwa unapapasa. Yotham hakuwa amelisahau lile gari. Alikuwa analingoja libaki bovu hadi siku hii. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na kabla sijajua nimesimama, nilikuwa nimesimama.

"Shemeji, umesema anayelitengeneza ndiye anayelichukua?"

"Ndiyo desturi."

"Basi kaeni. Ninalitengeneza mimi, sasa hivi."

Kukawa na kicheko. Mota nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeinunua kwa muuza spea za mtumba, na fundi Wambura wa mtaani kwetu alikuwa amenieleza kazi yote, akaahidi kuja, akapata safari. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliingia ndani nikatoka na bisibisi na spana.

Yotham alimgeukia mzee. "Baba mdogo, mjane ana kanga ya msiba kiunoni, ataingiaje kufungua magari mbele ya wazee?"

Mzee Bartolomayo alikuna kidevu. "Desturi haisemi kanga wala suruali. Inasema aliyetengeneza. Fanya haraka, mama, nina njaa."

Nilianza na kava la mlango. Skrubu moja imejificha kwenye mpini wa kuvutia, nyingine chini ya mahali pa kuegemeza mkono, halafu zile klipu za plastiki pembeni, ambazo huwezi kuzing'oa kwa upole. Klipu moja ilivunjika kwa sauti. Mzee mmoja akaguna. Niliendelea. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda uwele. Niliponyoosha mkono kuilegeza mota, kioo kikawa chepesi ghafla na kuanza kuteleza ndani ya mlango.

"Anna, kishike," nilimwambia wifi yangu.

Anna ni mdogo wake Ernest na Yotham. Alikuwa amekaa na wanaume wa kwao tangu asubuhi. Alimtazama kaka yake. Yotham alimkazia macho. Anna akainuka, akaja, akakibana kioo kwa viganja viwili. Hakuniangalia, lakini hakukiachia. Nitamkumbuka kwa hilo hata tukigombana uzeeni.

Nikatoa mota ya zamani, nikafunga mpya, nikachomeka soketi. Nikawasha swichi ya gari. Watu walikuwa wamesogea hadi wananizibia mwanga. Nikabonyeza kupandisha.

Kioo kikashuka.

Nikabonyeza kushusha. Kikapanda.

Yotham alicheka mpaka akashika magoti. "Mnaona? Mwanamke amelifunza gari uongo. Hilo si kutengeneza, hilo ni kuliroga. Lete funguo, mke wa Ernest, mambo ya chuma waachie wenye chuma."

Muuza spea alikuwa ameniuzia mota ya mlango wa kushoto na kuapa kuwa ni ile ile. Inaingia vizuri, inafunga vizuri, ila inazunguka kinyume. Nilisimama na jasho likinitoka mgongoni na wanaume wa ukoo mzima wakisubiri nishindwe, na sikuwahi kumtaka Ernest kama nilivyomtaka dakika ile. Si ili anisaidie. Alikuwa mbovu wa spana kuliko mimi. Nilitaka tu awe amesimama pale aseme mwacheni mke wangu.

Lakini hakuwepo, nikasema mwenyewe. "Niacheni."

Mota ile ina waya mbili tu. Umeme ukiingia kwa hii inazunguka huku, ukiingia kwa ile inazunguka kule. Hilo alinieleza Wambura nikiwa nusu nasikiliza, na namshukuru Mungu kwa ile nusu niliyosikiliza. Nilizima swichi, nikakata waya zote mbili, nikaziunganisha kwa kuzipishanisha, nikazizungushia soltepu nyeusi. Mikono ilikuwa michafu, nikaifutia kanga ile ile ya msiba mbele yao wote.

"Sasa," nilisema, nikawasha tena swichi ya gari.

Nikabonyeza kupandisha. Kioo kikapanda. Kilipanda polepole, kikikwaruza kidogo kwa vumbi, hadi juu kabisa. Kushusha, kikashuka. Anna aliondoa viganja vyake na kuvitazama, vilikuwa na alama ya ukingo wa kioo.

"Kimetengenezwa," alisema mzee Bartolomayo. "Gari ni la huyu mama. Chakula kiko wapi?"

"Baba mdogo, hiyo desturi ni ya ukoo, si ya—"

"Ni ya mkokoteni wako, Yotham. Ukiitaka iondoke, urudishe na mkokoteni."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Watu walianza kuinuka kufuata harufu ya jikoni. Nilirudisha kava, nikafunga skrubu, nikaacha ile klipu iliyovunjika kama ilivyo. Yotham hakwenda kula. Alikuja mpaka mlangoni nikiwa nimeketi kwenye usukani, akaingiza mkono wake ndani, akaushika usukani kama zamani.

"Usidhani yameisha," alisema kwa sauti ya chini. "Gari litaharibika tena. Kesho tairi, keshokutwa injini. Mwanamke peke yake, hana mtoto, hana kwao hapa. Tutaona utalitunza mpaka lini."

"Toa mkono, shemeji."

"Nasema tutaona."

"Na mimi nasema toa mkono."

Akautoa. Nikabonyeza. Kioo kikapanda kati yetu, midomo yake ikiendelea kusema, na sauti yake ikakatika kilipofika juu.

Ndani ya gari kukawa kimya. Sikuwa nimekaa mahali pa kimya tangu siku ya mazishi. Wakati wote ule nilikuwa na watu wa kunishika bega, wa kuniambia lia, wa kuniambia nyamaza, na wa kuhesabu vyombo vyangu kwa macho huku wakiniombea. Kiti bado kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa miguu mirefu ya Ernest. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikamlilia mume wangu kwa sauti, nilivyotaka mimi, na hakuna mtu wa Mlali wala wa Bukoba aliyeweza kuniingilia.

Yotham aligonga kioo. Nikamwacha agonge.