Ngazi za Hilary

Haya mjukuu wangu, nikutegee: kikiwa kikavu chanibeba, kikilowa chanibwaga. Ni nini? Usiniambie mtumbwi. Kaa nikusimulie, jibu utaliona mwenyewe.

Unamjua Konsolata, mama yake Beno, hapa hapa Ifakara. Mumewe alipofariki, shemeji yake Hilary alimtoa nyumbani masika yale yale. Konsolata akakaa kwenye tope chini ya ngazi, Beno mchanga mapajani. Hilary akasimama mlangoni, juu, akamwambia, "Usipande tena, utanichafulia sakafu."

Maneno hayo Konsolata hakuyameza wala hakuyatema. Aliyaweka mdomoni miaka yote, kama ugoro.

Beno akakua, akafungua duka la mawe ya kujengea. Siku moja nani anaingia? Hilary, kitambi mbele. Mjukuu wake anapata komunyo ya kwanza, wageni watakuja hata kutoka Malinyi, anataka ngazi mpya.

Beno akampangia vipande vitatu vya jiwe jeusi. "Baba mdogo, hili limechomwa moto, uso wake unakwaruza. Hili limesuguliwa, laini lakini halimeremeti. Hili limeng'arishwa. Kwa ngazi za nje, chukua la kukwaruza."

Hilary akalipapasa. "Aa! Kama kisigino cha mkulima wa mpunga. Shemeji, wewe wasemaje?" Shemeji! Utadhani hapakuwahi kutokea kitu.

Konsolata alikuwa pembeni na ungo wake. "Mtu wa hadhi yako? La kung'aa, shemeji. Ukipanda ujione kidevu."

"Mama," Beno akasema, "na mvua ikinyesha?"

Konsolata akapuliza pumba. Hilary akalipia la kung'aa.

Siku ya komunyo mvua ilianza alfajiri. Konsolata alifika mapema, akavua ndala, akapitia mlango wa jikoni. Padri alipotokeza getini, Hilary akatoka mbio kumlaki, viatu vipya vya ngozi miguuni. Ngazi ya kwanza ikampokea, ya pili ikamkataa. Alishuka kwa makalio mpaka chini, kiatu kimoja kikaangukia miguuni pa Padri, mkono ukateguka. Akakaa kwenye tope, pale pale.

"Shemeji, nisaidie!"

Konsolata akasimama mlangoni, juu. Beno, aliyekuwa ameshainama kumshika Hilary bega, akamtazama mama yake.

"Uliniuliza mvua ikinyesha," Konsolata akasema. "Ikinyesha, mwanangu, mtu anakaa nilipokaa mimi. Mwambie asipande, atatuchafulia sakafu."