Herufi B Tumboni mwa Meja

Mashine yenyewe ilitoka Urusi, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo hakuna mtu hospitalini aliyeweza kuisoma. Daktari wa Kirusi aliyekuja nayo alikaa miezi mitano, akamfundisha Daktari Wanjala namna ya kuitumia, akaugua malaria, akarudishwa kwao. Mashine ikabaki. Ilikuwa ya chuma kizito, ina mataya mawili marefu mfano wa mdomo wa mamba, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuubana utumbo uliokatwa na kuupigilia pini kwa mkupuo mmoja, mstari mzima, mahali ambapo mkono wa daktari ungeshona kwa nusu saa.

Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba ilitaka kujazwa upya kila mara. Kila pini, na pini yenyewe nyembamba kama ukope, ilibidi iokotwe kwa kibano na kutiwa katika tundu lake, moja moja, matundu thelathini na sita. Kazi hiyo alipewa Sista Joska Laker kwa sababu mkono wake haukujua kutetemeka. Wenzake walimtania kwamba angeweza kumvalisha sisimizi viatu. Akimaliza aliandika kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji: pini thelathini na sita. Daktari Wanjala hakuwahi kukagua, na Joska alijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Yeye alikuwa Mwacholi, wa kabila ambalo serikali ya wanajeshi haikuliamini. Mumewe, Koplo Ongom, aliitwa gwaride kambini mwaka wa sabini na mbili, na gwaride hilo halijaisha mpaka leo. Hakuna aliyemwambia Joska amekufa, hakuna aliyemwambia yu hai. Akabaki na binti yake mmoja, Adong, katika chumba cha kupanga Lubaga, akajifunza kusalimia askari kwa macho yaliyoinama na kutosema jina la ukoo wake mpaka aulizwe mara mbili.

Wanjala naye alikuwa Mkenya. Alikuja Kampala kusoma, akasoma, na madaktari wengine walipokimbia yeye akabaki. Mwaka huu wa sabini na sita, tangu uvamizi wa uwanja wa ndege mwezi Julai, uliosemekana kusaidiwa na Kenya, Wakenya walikuwa wakitazamwa kwa jicho la chuki na la mauaji. Rafiki yake Oduor, aliyeuza vipuri Old Kampala, alifunga duka akavuka mpaka wa Busia kwa miguu. Kabla ya kuondoka alimsihi wafuatane. Wanjala akamjibu, "Nikienda, nani atashika kisu?" Jibu la kishujaa, na la kijinga pia. Laiti angekwenda.

Meja Ezama aliletwa Jumanne ya Agosti, saa sita mchana, ana risasi tumboni. Bastola yake mwenyewe ilifyatuka alipokuwa akiketi kitini katika baa moja ya Kansanga. Ndivyo walivyosema wanajeshi waliomleta, na nani angeuliza zaidi? Sajini wake aliingia naye mpaka chumba cha upasuaji, na buti zake na bunduki yake. Alipoambiwa atoke, alijibu kwa upole kabisa.

"Mimi natoka na Meja. Kama Meja nakufa, hapa hapana mtu natoka."

Wakamvalisha joho la kijani juu ya magwanda, wakaanza kazi.

Risasi ilikuwa imechana utumbo mwembamba mahali patatu. Wanjala akalikata pande lote lililoharibika, akaziweka ncha mbili ubavu kwa ubavu. Joska alikuwa mezani pake akijaza mashine. Sajini alisimama hatua moja nyuma yake, na pumzi yake yenye harufu ya pombe ya waragi ilimpiga shingoni. Pini ya thelathini na tano iliingia. Ya thelathini na sita iliponyoka kwenye kibano, ikagonga ukingo wa meza, ikapotea sakafuni.

Aliangalia ndani ya kopo la pini. Lilikuwa tupu. Mrusi alikuwa ameacha akiba, na akiba ilikuwa imekwisha leo, saa hii, mbele ya bunduki hii. Kusema ilikuwa rahisi: Daktari, tundu moja halina kitu. Maneno matano. Lakini sajini angeyasikia, na Joska alijua namna watu wa aina ile wanavyosikia mambo. Akayafumba mataya ya mashine, akamkabidhi daktari.

Wanjala akabana. Mstari ukakaa vizuri, umenyooka, isipokuwa mwishoni, ambapo palichipuka tone la damu, kisha jingine. Akainua macho juu ya barakoa, yakakutana na ya Joska.

"Hariri," alisema.

Joska akampa uzi wa hariri, naye akaziba pengo kwa mishono miwili midogo, na damu ikakoma. Kwa ustadi wa kazi, mambo yalikuwa yameisha pale. Utumbo ulikuwa salama. Lakini baadaye, Joska alipofungua kitabu, sajini alikuja kuchungulia begani kwake, na mkono wake ukaandika kama ulivyozoea kuandika: pini thelathini na sita.

Aliyepasuliwa utumbo huwa hali kitu mpaka utumbo uamke, na dalili ya kuamka kwake ni moja, haina heshima wala cheo. Lazima mgonjwa ajambe. Siku tatu nzima wanajeshi waliolinda mlango wa Meja walikuwa wakimuuliza Joska kila asubuhi, kwa nyuso za watu wanaongoja habari za vita, "Sista, tayari?" Naye akawajibu bado. Siku ya nne tumbo likavimba kidogo, likawa gumu. Wanjala hakuwa na hofu kubwa, ila alitaka kuona hewa imesimama wapi, akaagiza picha ya eksirei.

Hapo ndipo penye balaa. Sajini hakuruhusu mtu mwingine aishike picha ya Meja. Aliichukua yeye, akaibandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya wodi, akaitazama muda mrefu huku amekunja kipaji.

"Daktari. Kuja hapa. Hii ni nini?"

"Ni utumbo, Afande. Huu weusi ni hewa. Iko chini sasa, itatoka leo au kesho."

"Mimi hapana uliza hewa. Mimi nauliza hii maandishi."

Joska, aliyekuwa mlangoni na sinia la dawa, akasogea. Kweli, katikati ya picha palikuwa na safu ya alama nyeupe, ndogo, safi. Pini ya Mrusi ikibanwa miguu yake miwili hujikunja ndani, na ukiitazama kwa ubavu huona kitu kimoja tu. Sajini alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu na hakutaka elimu hiyo ipotee bure. Akaweka kidole juu ya ya kwanza.

"B," akasoma. Akasogeza kidole. "B. B. B. Nani naandika B ndani ya tumbo ya Meja?"

Wanjala akacheka. Kidogo tu, kwa pua, kama mtu anavyocheka kosa la mtoto. Hata wewe ungecheka. Lakini hakuna kitu ambacho mtu mwenye bunduki na darasa la tatu hasamehi kama kicheko cha mtu mwenye digrii.

"B ni ya Biritishi," sajini alisema taratibu. Mwezi uliopita tu ubalozi wa Waingereza ulikuwa umefungwa, na redio haikuwa na wimbo mwingine. "Hii ni waya ya Biritishi. Nasikiliza maneno ya Meja." Akageuka. "Ama wewe, Daktari, kwenu wapi?"

Wanjala hakucheka tena.

"Kwetu Kenya, Afande."

"Kenya wapi?"

"Bungoma."

Sajini akatikisa kichwa polepole, kwa kuridhika.

"Afande, nisikilize," Wanjala alisema. "Hizo ni pini. Zinashika utumbo usifunguke. Hazina waya, hazisikii kitu. Mashine inaingiza pini thelathini na sita, wala si moja zaidi, na zote zimeandikwa kitabuni. Sista Joska, tafadhali lete kitabu. Afande ahesabu mwenyewe, aone hakuna kitu kilichoongezwa."

Alikuwa amesahau lile pengo aliloliziba kwa hariri. Au aliiamini mno kalamu ya Joska. Kutoka wodini mpaka chumba cha upasuaji ni hatua themanini, na Joska alizitembea zote akijiambia akipoteze kitabu, akitumbukize chooni, aseme panya wamekila. Akarudi nacho mkononi. Miaka kumi na moja ya kutii haitoki mwilini kwa hatua themanini.

Sajini akasoma ukurasa. Kisha akachukua njiti ya kiberiti, akahesabu herufi zake dirishani, akasogeza midomo. Akafika mwisho. Akarudia mwanzo.

"Sasati na tano," alisema, maana thelathini ilimshinda ulimi. "Kitabu nasema na sita. Moja iko wapi?"

Akagonga kioo kwa njiti yake.

"Moja natembea, eh? Naenda kwa moyo ya Meja?"

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo watu, ila hawasemi kwamba anayefikishwa mwisho wake huwa mtu mwingine. Wanjala alimtazama Joska. Hakumtazama kwa kulaumu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimtazama kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni: ukitaka, pita wewe. Joska akafungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamejipanga: ilianguka, ni mimi, nilidanganya. Akamwona Adong akirudi kutoka shule saa kumi, akikuta mlango umefungwa, akikaa kizingitini na begi lake, akingoja mzazi wa pili wa gwaride. Kinywa kikabaki wazi, na hakuna kilichotoka.

"Nilihesabu vibaya," Wanjala alisema. "Hesabu ya pini siku ile ilikuwa yangu mimi. Sista aliandika nilivyomwambia."

Wakamchukua na koti lake jeupe. Uani palikuwa na gari lisilo na namba, na buti lake la nyuma lilikuwa tayari liko wazi, maana wale jamaa hawakupenda kupoteza muda. Kabla hajainama kuingia alimgeukia Joska aliyekuwa amewafuata mpaka ngazini.

"Sista, asipewe kitu mdomoni mpaka atoe hewa. Hata maji."

"Ndiyo, Daktari," Joska alisema. Maneno mawili tu aliyompa, na yalikuwa hayo.

Asubuhi yake, saa mbili na robo, Meja Ezama alijamba. Walinzi walisikia mpaka koridoni. Wakakumbatiana, wakapiga risasi hewani uani, na wagonjwa wa wodi ya akina mama wakajificha chini ya vitanda. Joska aliingia stoo ya mashuka, akauma shuka kwa meno, akalia mpaka akatapika.

Baada ya wiki mbili Nasike, mke wa Wanjala, alikuja kutoka Bungoma na mtoto mgongoni. Alipita ofisi hadi ofisi, na mwishoni akafika kwa Joska, kwa sababu mumewe alikuwa akimtaja katika barua. "Aliandika kwamba wewe ndiye mkono wake wa kulia," Nasike alisema. "Niambie, dada yangu, alikosa nini?" Joska akamjibu hajui. Akampa miwani na viatu vya mumewe vilivyobaki kabatini, na Nasike akamshukuru. Shukrani ile ilimkaa Joska rohoni kama mfupa kooni. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana, na siku ya kumi akaona kwamba kuishi hivi ni kufa polepole, afadhali kufa mara moja na kusema ukweli. Pengine Wanjala yuko hai mahali. Watu waliochukuliwa walikuwa wakionekana tena, wachache.

Meja alikuwa na ahadi ya kuja kuangaliwa kovu siku ya Alhamisi. Asubuhi hiyo Joska alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu ilisemekana sakafu za kule mahabusu ni baridi. Akampeleka Adong kwa dada yake Filda, pamoja na nguo zake zote na cheti cha ubatizo, akamweleza Filda kila kitu. Filda alimlilia na kumshika mkono. Joska akautoa mkono wake, akaenda.

Meja alikuwa amenenepa. Alilala kitandani, akaangaliwa, akakaa akifunga vifungo vya shati. Walikuwa wawili tu chumbani.

"Afande, nina neno," Joska alisema, na safari hii halikukwama. Alisema lote: pini iliyoanguka, kopo tupu, uzi wa hariri, uongo wa kitabuni. "Daktari hakukosa. Alinikinga mimi. Mwachieni, Afande. Nichukueni mimi."

Meja alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na hapana waya?"

"Hapana, Afande. Hapakuwa na waya."

Meja akavaa kofia, akajitazama kwenye kioo kilichokuwa juu ya sinki.

"Sista, wewe nachelewa sana," alisema. "Hiyo faili ilifungwa siku ile ile, jioni. Mtu hapana iko tena. Sasa mimi nafungua ya nini? Rudi kazi yako."

Akatoka. Joska alibaki amesimama ndani ya magauni yake mawili, akingoja buti koridoni. Alingoja mpaka mgonjwa mwingine akaingia, akamuuliza kama foleni ni hapa.

Saa kumi alifika mlangoni kwa Filda. Adong alikuwa ndani akila. Filda alipomwona alishika kifua kwa mikono miwili.

"Wamekuachia?"

"Hawakunitaka," Joska alisema.

Akakaa pale pale kizingitini, na Filda akaingia ndani kuzifungasha tena nguo za mtoto.