Damu Kwenye Shati la Rafaeli

Mwezi wa tatu mwaka 1975, Sajini Damiano aliteremka kwenye Landrova ya polisi mbele ya kituo cha utafiti wa mbu pale Kilosa, akiwa na shati lililofungwa kwenye gazeti. Lilikuwa la Rafaeli, mkulima wa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mikumi. Shemeji yake, Nikolaus, alikuwa hajaonekana kwa siku tisa. Watu waliwaona mara ya mwisho wakiondoka pamoja alfajiri. Shati lilikutwa limefichwa ndani ya kihenge cha nafaka, limeganda damu kifuani.

"Rafaeli tumemweka ndani, na anasema ni damu ya mbuzi," alisema Sajini. "Nimeambiwa ninyi mna dawa ya kutofautisha."

Costancia, fundi wa maabara, alikubali kujaribu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupasua mbu na kujua walikunywa damu ya mtu au ya mnyama. Dawa yenyewe ilikuwa seramu, yaani maji ya damu, ya sungura. Sungura huyo alikuwa amedungwa maji ya damu ya binadamu mara kadhaa, mpaka mwili wake ukatengeneza kingamwili za kupambana na ile protini ngeni. Seramu yake ikikutana na damu ya mtu ndani ya neli nyembamba ya kioo, hutokea pete nyeupe. Ikikutana na ya mbuzi, hakuna kinachotokea.

Alikata kipande cha shati, akakiloweka kwenye maji ya chumvi, akachuja. Sajini alikunywa chai akisubiri. Nusu saa ikapita na pete haikutokea.

"Basi ni mbuzi," Sajini alisema, akichukua kofia yake.

"Bado, afande."

Costancia alijichoma kidole na kujaribu damu yake mwenyewe. Nayo haikutoa pete. Majuma mawili nyuma mafuta ya taa yalikuwa yamekosekana mjini, na friji la kituo, linalotumia mafuta hayo, lilizimika siku nne.

"Seramu imeharibika," alisema. "Inabidi nimdunge sungura tena. Siku kumi na mbili."

"Na mtu wangu akae ndani siku zote hizo? Wewe andika ulichokiona. Pete haikuonekana."

"Nikiandika hivyo, mtasoma kwamba si damu ya mtu. Mimi sijui ni damu ya nani."

Sajini aliliacha shati mezani, akaenda kwenye gari.

Siku ya tano alikuja mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Alikuwa Gaudiosa, mke wa Rafaeli, tena dada wa kuzaliwa wa Nikolaus.

"Shikamoo, mama," Costancia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wanasema wewe ndiye umekataa kuandika."

"Sijakataa, mama. Nasubiri dawa."

"Kaka yangu hajulikani alipo. Mume wangu yuko mahabusu, na shambani nimebaki peke yangu. Rafaeli hawezi kumdhuru Nikolaus. Walitoka Lumuma pamoja tulipohamishwa, wakajenga nyumba zetu pamoja. Hiyo ni damu ya mbuzi."

Costancia alimwamini. Baada ya mgeni kuondoka, aliichukua fomu ya polisi, akakaa nayo muda mrefu mezani, kisha akairudisha kwenye faili ikiwa tupu.

Siku ya kumi na mbili alitoa damu kwenye sikio la sungura na kupata seramu mpya. Alianza na damu ya kidole chake: pete ikatokea. Akajaribu ya mbuzi aliyochukua machinjioni: hakuna. Kisha akajaribu ya shati. Pete ilitokea kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Alirudia mara tatu. Kisha akaandika: damu ya binadamu.

Jioni ile Rafaeli alisomewa majibu. Aliomba maji. Alipomaliza kunywa, akaeleza. Mvua zilikuwa zimekosekana na chakula kimekwisha, yeye na Nikolaus wakaingia katika hifadhi ya wanyama ya Mikumi kuwinda. Nyati aliyejeruhiwa alimpiga Nikolaus pembe ubavuni. Rafaeli alimbeba begani mpaka akamfia njiani. Aliogopa kifungo, akamzika mwenyewe kando ya korongo.

Aliwaongoza polisi mpaka mahali pale. Daktari aliyeuchunguza mwili uliofukuliwa alikuta mbavu tatu zimevunjika na tundu moja pana la pembe. Shtaka la kuua likafutwa. Kwa kuwinda ndani ya hifadhi, Rafaeli alihukumiwa miezi kumi na minane. Ndugu walimchukua Nikolaus, wakaenda kumzika Lumuma.

Baada ya maziko Gaudiosa alipita tena kituoni. Alikaa kwenye benchi la nje, na Costancia akamletea maji.

"Ungeandika siku ile ya kwanza, Rafaeli angekuwa nyumbani," Gaudiosa alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ningekuwa bado namsubiri kaka yangu arudi."

Gaudiosa alimaliza maji, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka kuwahi gari la Mikumi.